Kuamua Mechi na Kuchezesha Mechi: Tafakuri juu ya Lugha ya Refa

Muhula uliopita wanafunzi wa Fasihi walicheza mechi ya kirafiki na wale wa Jiografia. Refa aliyeahidi kuja hakutokea. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, goti limefungwa bendeji, basi nikaonekana sina kazi, nikakabidhiwa filimbi. Zikiwa zimebaki dakika chache, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja, nikawapa Jiografia penalti kwa madai kwamba beki wetu ameunawa mpira. Wakafunga, na mechi ikaisha hivyo. Jioni ile bwenini, huyo beki, ambaye ni rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, hakunisalimu. Alisema sentensi moja tu, tena akimwambia mtu mwingine huku akijua kwamba nasikia: "Mechi kaiamua yeye."

Ndugu msomaji, makala haya hayakusudii kunitetea. Suala la penalti nitalirudia huko mbele, na huenda nikaharibu zaidi. Kilichoninyima usingizi usiku ule, mbali na aibu, ni kitenzi alichokitumia. Kwa Kiswahili sanifu refa anaitwa mwamuzi. Sasa, mkulima akilima hatumlaumu. Mwimbaji akiimba twampigia makofi. Mwandishi akiandika twamhakiki, lakini hatumwambii kwamba kuandika kwenyewe ndilo kosa. Iweje basi mwamuzi akiamua tumnunie? Hapa pana jambo, na sisi tunaosoma lugha na fasihi hatuna budi kulitazama kabla ya kuwaachia washabiki wa mpira.

Tusikilize kwanza lugha inavyosemwa. Mtangazaji wa redio akianza kutangaza mechi atakutajia timu, uwanja, hali ya hewa, kisha atasema kwamba mchezo huu unachezeshwa na mwamuzi fulani kutoka mkoa fulani, akisaidiwa na washika vibendera fulani na fulani. Hatasema mchezo huu unaamuliwa na fulani. Akisema hivyo, nusu ya wasikilizaji watazima redio kwa kujua kwamba hakuna tena cha kusikiliza, na nusu nyingine watamtafuta huyo fulani. Maana yake ni kwamba jina la mtu huyu limetoka katika kitenzi kimoja, na kazi yake inatajwa kwa kitenzi kingine kabisa. Anaitwa mwamuzi, ila anachezesha. Anaruhusiwa kuamua vitu vidogo vidogo ndani ya mchezo: kama mpira umetoka, kama ule ni mkono, kama dakika ziongezwe. Mtendwa wa kitenzi ukiwa penalti, sawa. Mtendwa ukiwa mechi, hiyo ni shutuma. Rafiki yangu hakukosea sarufi hata kidogo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazoea tu ya watangazaji. Sikubali. Tukichimba maneno yenyewe tutaona kwamba kila moja limekuja na historia yake, na historia hizo hazipatani.

Tuanze na hilo kuamua. Leo tukilisikia tunafikiria hukumu, kikao, azimio. Lakini nenda uswahilini, pale ambapo watoto wawili wameshikana mashati, umsikie bibi aliyeketi barazani akipiga kelele: "Jamani, waamueni hao, wataumizana!" Bibi hasemi watoto wapelekwe mahakamani. Anataka mtu awatenganishe. Kuamua ni kuingia katikati ya wawili wanaopigana, mmoja ukamsukumia huku na mwingine kule, na swali la nani mwenye haki linakuja baadaye, kama linakuja. Maana hii haijafa. Ndiyo tunayoikuta katika kuamulia ugomvi, na kila baada ya muda magazeti hutuletea habari ya mtu aliyechomwa kisu, naye hakuwa na ugomvi na yeyote, alikuwa akiamulia tu. Kwa hiyo mwamuzi wa asili hana kiti wala joho. Ana mikono miwili na hatari ya kupigwa yeye. Kwa kweli nikifikiria marefa wetu wa viwanja vya mchangani, ambao mechi ikiisha huondoka wamezungukwa na watu kama mwali, naona jina hilo limewakaa barabara.

Wale waliotafsiri Biblia ya Kiswahili walipofika kwenye kitabu kinachosimulia Waisraeli kabla ya kupata wafalme, hawakukiita Mahakimu, walikiita Waamuzi. Ni uchaguzi wa kupendeza. Neno la Kiebrania lililoko pale lina maana ya anayehukumu na pia anayetawala, na ukikisoma kitabu chenyewe utaona kwamba watu kama Gideoni na Samsoni hawakuhukumu kesi nyingi; walishika silaha. Debora ndiye anayeonekana akikaa chini ya mtende na watu wakimwendea na mashauri yao. Yaani katika jina hilo moja la Waamuzi yumo anayekaa akasikiliza na yumo anayeingia katikati ya vita. Hakimu, neno tulilolipata kwa Waarabu, lisingeweza kubeba yote mawili.

Neno refa lenyewe tumelikata kutoka kwa Waingereza, nalo pia lina kisa. Zamani katika mpira wa huko kwao kila timu ilikuja na mwamuzi wake, wakawa wawili uwanjani, na yule wa tatu alikaa nje ya mstari. Wawili wakishindwa kuafikiana, shauri lilipelekwa kwake. Ndiyo maana ya jina lake: anayepelekewa. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa ndani ya uwanja na wale wawili wakatolewa pembeni kushika vibendera. Kwa hiyo refa wa kwanza hakuchezesha chochote. Alingojea kuulizwa. Na ajabu ni kwamba tangu Kombe la Dunia la 2018, mashindano ya kwanza ya ngazi hiyo kutumia waamuzi wa video, refa naye amepata pa kupeleka shauri lake, tunamwona akikimbilia pembeni kutazama runinga huku watu elfu hamsini wakimngoja.

Lakini tuyaache hayo, kwani utamu uko kwenye kuchezesha.

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba -sh- ni kiambishi cha kutendesha. Tunafundishwa kwamba kinaleta maana ya kusababisha: pika, pikisha, imba, imbisha. Kisha tunapewa mazoezi na kupita. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba Kiswahili kimekichukua kiambishi hiki na kukipa kazi moja maalumu ambayo vitabu vyetu vya sarufi havisemi sana juu yake, nayo ni kazi ya kusimamia shughuli rasmi. Kiingereza kina kitenzi kimoja ambacho refa, padri na msajili wa ndoa wote wanakigombania. Sisi hatuna kitenzi hicho, na ukikitafuta katika kamusi ya kutafsiria utapewa maelezo marefu yasiyokutosha. Tuna kiambishi. Refa anachezesha. Imamu anaswalisha. Padri anafungisha ndoa. Jaji Mkuu anamwapisha Rais. Mwenyekiti anaendesha kikao.

Angalia mfano wa pili. Imamu amesimama mbele, maamuma wamejipanga nyuma yake, wanarukuu akirukuu na kusujudu akisujudu. Lakini hakuna hata mmoja miongoni mwao atakayesema kwamba imamu amemswalia swala yake. Kila mtu kaswali yake mwenyewe. Imamu amewaswalisha, basi. Anayemswalia mwenzake ni yule anayeswalia maiti, na maiti haswali. Angalia na ndoa. Tunasema Juma na Rehema wamefunga ndoa, wao wenyewe, padri hatajwi. Akitajwa, amefungisha. Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki la mapokeo ya Kilatini maharusi ndio wanaopeana sakramenti hiyo wao kwa wao, na padri ni shahidi anayepokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Mtu angeweza kukaa seminari miaka akijifunza jambo hilo, kumbe kitenzi cha Kiswahili kilikwisha kulisema.

Kwa upande wa Waislamu lugha imekwenda hatua moja zaidi. Mwanamume anaoa. Walii wa bibi harusi anaoza, kwani yeye ndiye mwenye kutoa kauli. Sheikh aliyekaa kati yao, anayewaongoza katika kauli hizo na kuhakikisha mashahidi wamesikia, anaozesha. Kila anapoingia mtu aliye mbali kidogo na tendo lenyewe, kitenzi kinaongezewa kipande. Ni kweli siku hizi watu huchanganya, baba naye husemwa amemwozesha binti yake, na sina nia ya kugombana na mtu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba urefu wa kitenzi unapima umbali. Msimamizi ni mtu aliyetengwa na tendo kwa silabi moja au mbili, na akizivuka hizo ameingia mahali si pake.

Mfano mwingine ni wa majirani zetu. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alikula kiapo katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi kama rais wa wananchi. Nilikuwa kidato cha pili, na habari ile tuliijadili bwenini kana kwamba sisi ndio wapigakura. Waliomuunga mkono walisema ameapishwa. Waliompinga walisema amejiapisha. Jukwaani palikuwa na watu waliomsimamia, wote tuliwaona. Lakini kile kijisilabi -ji- kiliwafuta wote. Kilisema: hapa hapakuwa na wa kuapisha, mtu kajifanyia mwenyewe. Kesi nzima ya kikatiba, ambayo wanasheria waliizungumza kwa saa nyingi, raia waliimaliza kwa kuchagua baina ya -w- na -ji-.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba si kila usimamizi unabebwa na -sh-. Nakubali. Msimamizi wa kituo cha kupigia kura anasimamia, na mwenyekiti jina lake limetokana na samani. Mmoja kapewa cheo kwa kusimama na mwingine kwa kukaa, na wote wawili hakuna kinachosemwa juu ya wale wanaowasimamia. Hiyo ni lugha ya ofisi, mimi hainivutii. Aidha, upo mfano wa kungwi, ambao unanipinga waziwazi: kungwi hamchezeshi mwali, anamcheza, na mwali amechezwa. Hapa -sh- imekosekana kabisa. Lakini nadhani kukosekana kwake kunasaidia hoja. Mwali katika unyago hana uhuru wa kucheza atakavyo. Anafinyangwa. Kungwi hayuko mbali na tendo hata kwa silabi moja.

Wala nisieleweke kwamba kuchezesha ni neno takatifu. Kuna wanaochezesha bahati nasibu. Kuna kijumbe anayechezesha upatu, na kila mwezi kina mama wanampelekea fedha zao kwa kuamini kwamba yeye hachezi, anachezesha. Siku akitoroka nazo, watu hubadilisha kiambishi palepale: amewachezea. Kutoka -esha kwenda -ea ni safari fupi sana, na marefa wameisafiri mara nyingi. Tena mtu akisema "huyu anawachezesha kama karagosi" hakuna heshima pale. Kwa hiyo neno lina hila ndani yake. Lakini hata hila hiyo inategemea kwamba wachezaji wanadhani mchezo ni wao.

Sasa tuingie katika fasihi, maana nisije nikaulizwa na mhariri kama hili ni gazeti la michezo.

Katika semina moja mwaka jana, mwalimu wetu mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba mhakiki ni mwamuzi wa kazi ya fasihi. Sote tuliandika sentensi hiyo kwenye madaftari. Wakati ule sikuona tatizo. Nilikwenda nikaandika insha juu ya ngonjera, na humo nikaamua kwelikweli.

Msomaji anajua ngonjera ni nini. Watu wawili au zaidi wanalumbana kwa ushairi juu ya jambo fulani, mmoja anapinga na mwingine anaunga mkono, na mwishoni anayepinga anashawishika, au wa tatu anaingia akawaamua, kisha wote wanaimba pamoja. Mathias Mnyampala ndiye aliyeipa umbo hili jina na umaarufu, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA, vilivyotoka baada ya kifo chake cha 1969, vilifika katika shule nyingi za Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 utanzu huu ulitumika kueneza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea: kilimo, usafi, elimu ya watu wazima, hatari ya ulevi. Hoja yangu katika insha ile ilikuwa rahisi. Nilisema kwamba katika ngonjera hakuna mchezo. Mvivu anaingia akiwa amekwisha kushindwa, kila beti anayotamka ni ya kumwandalia mwenzake jibu. Nilisema utanzu huu umeamuliwa kabla haujachezeshwa. Nilijisikia mjanja sana kwa sentensi hiyo, na alama nilizopata hazikunipunguzia ujanja.

Nikalinganisha na kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951. Pale Waziri Majivuno anamshitaki Karama mbele ya Mfalme, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali na malipo waliyoyapata waliporudi. Mfalme ndiye mwenye kiti, na mwishowe Karama anaachiwa huru. Ukisoma haraka utasema Mfalme ndiye mwamuzi na kazi yake ni hukumu. Lakini hesabu kurasa. Sehemu kubwa ya kitabu Mfalme hafanyi kitu isipokuwa kusikiliza, na kila siku inayopita bila yeye kumkatiza Karama ni siku ambayo Majivuno anapoteza. Kama Mfalme angeamua siku ya kwanza, kama Waziri alivyotaka, kusingekuwa na kitabu. Hadithi nzima imesimama juu ya subira ya mtu mwenye madaraka ya kuikata. Marefa wanalijua jambo hili: kanuni zinawaruhusu, mchezaji akichezewa rafu na timu yake ikabaki na nafasi nzuri, wanyooshe mikono mbele na kuuacha mpira uendelee. Filimbi iko mdomoni na haipulizwi. Kwa maoni yangu hapo ndipo kuchezesha kunapoonekana kuliko mahali pengine popote.

Kazi ya pili ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, tamthilia ya 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na kila mmoja ana lake, huyu ana shida zake za nyumbani, yule ana neno na mwenzake, na hadi mwisho nguzo haisimami. Juu ya shughuli hii yuko Bi Msimulizi, anayezungumza nasi watazamaji na kuwaleta wanawake hao mbele yetu mmoja mmoja, na karibu naye yuko Chizi, anayeingilia kwa mzaha pale tunapotaka kuwa makini. Bi Msimulizi ana kila nafasi ya kutuambia nani mkosaji. Tunamngoja aseme. Yeye anawachezesha tu, na sisi tunaondoka ukumbini na ugomvi mikononi mwetu. Wapo wahakiki wanaoona kwamba mwandishi ameikwepa hukumu. Mimi naona kinyume. Angempa Bi Msimulizi kauli ya mwisho, Patata ingekuwa ngonjera.

Hiyo ndiyo ilikuwa insha yangu: Mfalme sawa, Bi Msimulizi sawa zaidi, ngonjera kadi nyekundu.

Hapa sina budi kurudi kwenye penalti. Ukweli ni huu. Mkono sikuuona. Nilikuwa nyuma ya mchezo kwa sababu ya goti, wachezaji watatu walinikinga, na nilichokiona ni mikono mingine kabisa, ile ya Jiografia iliyonyooshwa juu kudai. Niliwaona wanaodai wakiwa wengi na wana uhakika, na mimi sikuwa na uhakika, basi nikapuliza. Nimekwisha kumweleza rafiki yangu. Aliniambia kwamba hata yeye hajui kama mpira ulimgonga mkononi au ubavuni, na kwamba kilichomuudhi ni vile nilivyonyoosha kidole kuelekea kwenye kituo cha penalti kama mtu aliyeona kila kitu.

Insha yangu niliiandika vivyo hivyo. Nilikuwa nimezisoma ngonjera kwenye vitabu. Sikuwa nimewahi kuiona hata moja ikichezwa mbele ya watu ambao ilikusudiwa kwao. Niliona wahakiki wengi wamenyoosha mikono wakidai kwamba ni propaganda, nikapuliza.

Likizo ya Krismasi nilimsomea mama insha ile, kwa kumringia tu. Mama alisoma shule ya msingi huko Kondoa, na mwaka 1979 au hapo karibu darasa lao lilicheza ngonjera iliyotungwa na mwalimu wao juu ya elimu ya watu wazima. Yeye alikuwa mzee mkaidi anayekataa kwenda darasani. Walimvika koti la babu yake lililofika magotini, wakampa bakora. Aliponisikiliza hadi mwisho aliuliza kama nimemaliza. Kisha akasema kwamba katika darasa zima, watoto zaidi ya arobaini, hakuna aliyetaka kuwa yule mwema. Waligombania mzee mkaidi hadi mwalimu akapigisha kura. Beti tamu zote alipewa yeye, kwani mwalimu alijua kwamba pasipo mkaidi mwenye maneno, hakuna atakayesimama juani kusikiliza. Siku ya Saba Saba walicheza mbele ya wazee wenyewe, wale wasiotaka kwenda darasani, na kila alipofungua mdomo wazee wale walicheka na kupiga miluzi na kumwambia rudia. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja na daftari lake. Angeweza kumpa ishara yule wa pili aingie. Alimtazama mama, akatikisa kichwa kwamba arudie, na mama akarudia beti ile mara tatu.

"Na mwisho ulikubali kwenda shule?" nilimuuliza.

"Nilikubali, ndivyo ilivyoandikwa," alisema. "Na wazee walicheka zaidi niliposema nimekubali."

Nilimwomba anighanie yale anayoyakumbuka. Alighani beti sita, zote za mzee mkaidi, bila kukosea hata mizani, huku anachambua mchele. Beti za yule aliyeshinda hakukumbuka hata moja. Nilimuuliza ni nani aliyezighani siku ile.

"Alikuwepo msichana mmoja," alisema mama. "Jina limenitoka."